Ugoni, Nyumba na Rika: Uaminifu wa Ndoa katika Nchi ya Olbalbal

Tangu michezo ya kuigiza ya Kiswahili ilipoingia katika televisheni ya Tanzania Bara, ambako matangazo ya picha yalianza mwaka 1994, kisa kimoja kimerudiwa mara nyingi kupita hesabu. Mume ana mke wa halali, naye ana hawara nje; siri hufichwa kwa muda, kisha hutokea fumanizi; mwisho nyumba huvunjika, au mkosaji huomba radhi mbele ya wazee. Kikundi cha Kaole kilipata sifa kubwa katika televisheni kwa visa vya nyumbani. Hata kabla yake, mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulikuwa umewajulisha wasikilizaji Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, aliyebaki nyumbani na watoto. Katika visa hivi hesabu ni ya watu watatu: mume, mke, na yule wa tatu asiyekuwa na haki ya kuwapo. Msikilizaji hahitaji kuelezwa kwa nini huyo wa tatu ni adui. Kuwapo kwake kwatosha.

Hesabu hii si ya watu wote. Katika nchi ya Olbalbal, wilayani Ngorongoro, ndoa ya Kimasai ilihesabiwa kwa muda mrefu kwa njia nyingine, na sheria ya ndoa ya Tanzania, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa kila kabila na kila dini, imelazimika kukutana na hesabu hiyo. Yafaa basi kutazama mambo mawili pamoja: neno ambalo Kiswahili kimeipa sheria, na desturi ambayo neno hilo limetakiwa kuipima.

Kiswahili kina maneno mawili makuu kwa jambo hili, nayo hayana asili moja. Neno zinaa, pamoja na zini, uzinzi na mzinzi, limetoka katika Kiarabu, likaja pwani pamoja na sheria ya Kiislamu. Zinaa ni dhambi. Humhusu mwenye mke na asiye na mke, na mwenye kukosewa kwanza ni Mwenyezi Mungu. Neno ugoni ni la Kibantu. Shina lake ni lile la gona, ambalo katika lugha kadhaa za bara, kama Kichewa na Kihehe, lina maana ya kulala. Lakini ugoni haukubaki kuwa jina la tendo tu; uliitwa hivyo pia ule ulipaji utokanao na tendo lenyewe. Mtu alishikwa ugoni, kisha akalipa ugoni. Neno hili basi lina mdai na mdaiwa ndani yake, na halina maana mpaka ijulikane ni nani aliyenyang'anywa kitu chake. Methali isemayo kwamba mke wa mtu ni sumu ina sauti hiyohiyo: yamtaja mke kwa jina la mwenyewe.

Swali la mdai ndilo linaloifanya Olbalbal kuwa mahali pa kufaa kwa uchunguzi huu. Olbalbal ni bonde la chini lililo upande wa magharibi wa nyanda za juu za Ngorongoro, mahali ambapo mto wa msimu utokao katika korongo la Olduvai humwaga maji yake na kukaukia. Nchi hiyo ni ya wafugaji, nayo imo katika eneo la hifadhi lililoundwa mwaka 1959, wakati Wamasai walipoondolewa Serengeti na kuambiwa kwamba Ngorongoro wataishi wao pamoja na wanyama wa pori. Boma la Kimasai katika nchi hiyo lilikuwa mkusanyiko wa nyumba za wanawake. Kila mke alijijengea nyumba yake mwenyewe kwa fito, udongo na samadi, naye aligawiwa ng'ombe wa kukamua, ambao baadaye wangekuwa urithi wa wanawe. Mume hakuwa na nyumba yake mwenyewe. Alilala katika nyumba za wake zake.

Kwa Kimaa nyumba hiyo ya mwanamke huitwa enkaji. Rika la wanaume, yaani wale waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupewa jina moja, huitwa olaji. Mwenye kujua lugha hiyo huona mara moja kwamba shina ni moja, -aji. Tofauti ni viambishi vya mbele, kimoja cha kike na kingine cha kiume na cha ukubwa. Rika ni nyumba kubwa. Majina ya nyumba hizo kubwa, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landis, Korianga, ndiyo kalenda ya nchi. Kwa hayo hukumbukwa ukame, maradhi ya ng'ombe na uhamisho. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika nchi ya Wamasai na ambaye baadaye aliongoza hifadhi ya Ngorongoro, aliyaeleza marika hayo kwa urefu katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1948. Kabla yake Moritz Merker aliandika juu ya Wamasai kwa Kijerumani mwaka 1904, na Alfred Hollis kwa Kiingereza mwaka 1905.

Waandishi hawa na wale waliowafuata wamekubaliana katika jambo moja. Mtu aliyesafiri na kufika katika boma la mwenzake wa rika aliweza kupokewa katika nyumba ya mmojawapo wa wake zake, na mwenye boma akaenda kulala kwingine. Jambo hilo halikuwa ugoni. Hapakuwa na mdai. Waliokuwa wamekula nyama pamoja porini walipokuwa morani hawakutarajiwa kunyimana makao walipokuwa wazee, na mume aliyeonyesha wivu kwa mwenzake wa rika alijiletea fedheha. Kinyume chake, morani aliyekutwa na mke wa mzee alikuwa amevunja mpaka mkubwa, maana aliingia katika nyumba ya rika lisilo lake. Hapo palikuwa na mdai, na tena zaidi ya mmoja: rika zima lilikuwa limevunjiwa heshima, ile iitwayo enkanyit. Faini ilikuwa ya ng'ombe, na nyuma ya faini ilikuwapo laana ya wazee, ambayo morani aliiogopa kuliko faini. Kosa zito kupita hilo lilikuwa la mtu kulala na binti wa mwenzake wa rika, kwa kuwa binti wa mmoja alikuwa binti wa wote. Katika kosa hilo wanawake hawakungojea baraza la wanaume. Waliweza kukusanyika kwa wingi, wakamvamia mkosaji, wakampiga, na wakachinja wanyama wake bora.

Si haki kuieleza desturi hii kana kwamba iliwaacha watu wote wakiwa radhi. Ruhusa ya rika ilikuwa mapatano ya wanaume. Mwanamke aliyeozwa angali kijana kwa mzee wa makamo hakuulizwa juu ya marika. Na kama moyo wake ulimwendea morani wa umri wake, huyo ndiye hasa aliyekatazwa. Melissa Llewelyn-Davies, aliyekaa na Wamasai wa Loita upande wa Kenya, na ambaye kuanzia mwaka 1974 alitengeneza filamu za televisheni juu ya maisha yao, ameeleza jinsi wanawake walivyosaidiana kuficha mapenzi hayo. Hata wake wenza waliogombana kwa mambo mengine walikuwa kitu kimoja katika kulinda siri hii, na aliyegundulika alipigwa na mumewe pasipo mtu wa kumzuia. Filamu hizo si michezo ya kutungwa, walakini mtazamaji wa Kiswahili angezitambua: mna hofu ya fumanizi, mna mlango unaosikilizwa usiku, mna rafiki anayesema uongo kwa ajili ya rafiki. Asichokikuta humo ni swali ambalo michezo mingi hulifanya kilele chake, yaani mtoto ni wa nani. Kwa Wamasai swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa na ng'ombe wa mahari. Mtoto alikuwa wa yule aliyeoa, awe amemzaa au hakumzaa.

Hii ndiyo hali iliyokutana na kazi ya kuunganisha sheria baada ya uhuru. Wakati wa Waingereza kesi za ndoa zilikwenda katika mabaraza ya wenyeji, na kila baraza lilihukumu kwa desturi ya watu wake. Hans Cory alikuwa ameziandika desturi za makabila kadhaa, za Wahaya mwaka 1945 na za Wasukuma mwaka 1953. Naye ndiye aliyeshughulikia kazi ya kuzikusanya kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Mwaka huohuo mahakama ziliwekwa chini ya mfumo mmoja, ambao ngazi yake ya chini ni mahakama ya mwanzo. Kisha ulifuata Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, ulioyaweka mapendekezo mbele ya wananchi, na mwisho Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, iliyoleta ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila chini ya sheria moja.

Sheria hiyo haikuufanya ugoni kuwa jinai. Iliuacha uwe deni, sawasawa na maana ya zamani ya neno lenyewe. Katika kifungu cha 72 mume au mke aweza kumdai fidia mtu yeyote aliyezini na mwenzi wake. Maneno mawili katika kifungu hicho, “au mke”, yalikuwa mageuzi makubwa kuliko yanavyoonekana, kwani katika desturi nyingi za nchi, ya Kimasai ikiwa mojawapo, mke hakuwahi kuwa mdai. Kifungu cha 74 kinaikataza mahakama kutoza fidia kwa nia ya kuadhibu, na kinaiagiza kuzingatia desturi ya jamii ya wahusika inapokadiria kiasi chake. Kwa mlango huo Olbalbal imeingia katika sheria, maana hakimu aweza kuuliza juu ya rika.

Lakini yapo maneno mengine yanayoleta ugumu. Kifungu cha 72 chasema pia kwamba dai litatupwa ikiwa mdai mwenyewe aliukubali ugoni au aliufumbia macho. Mwenye kuandika maneno hayo alimfikiria mume mmoja, mke mmoja na usiku mmoja: mume alijua, akanyamaza, basi asije leo kudai. Itakuwaje kwa mtu ambaye ridhaa yake haikutolewa usiku wowote, bali ilikuwamo katika rika lake tangu siku ya kutahiriwa? Akisema kwamba hakumruhusu mtu huyu, atakuwa amesema kweli, kwani hakuna aliyemwuliza. Mshitakiwa akijibu kwamba wao ni wa rika moja, naye atakuwa amesema kweli. Sheria yauliza ridhaa ya mtu. Desturi yajibu kwa ridhaa ya kundi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba katika maswali hayo mawili, ridhaa ya mwanamke mwenyewe, aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, haiulizwi na upande wowote. Sheria ilimpa vitu viwili vingine: haki ya kudai kama mwenzi, na kifungu cha 66, kinachotamka kwamba, hata kama desturi yasema vinginevyo, hakuna mwenye haki ya kumpiga mke au mume wake. Kwa nchi ambamo kiboko kilikuwa jibu la kwanza la fumanizi, kifungu hicho kifupi kina uzito kuliko vile vya fidia.

Nguzo zilizoishikilia hesabu ya zamani zimetikiswa moja baada ya nyingine. Vijana wengi wa Kimasai wamekwenda mijini, hata Dar es Salaam, kufanya kazi ya ulinzi, na wake wamebaki bomani. Ernestina Coast, aliyewachunguza Wamasai wa Ngorongoro na wa Narok, na kisha wahamiaji wa Kimasai mjini, ameeleza jinsi safari hizo zilivyowakutanisha watu hao na hatari ya virusi vya UKIMWI. Kwa hatari hiyo ukarimu wa rika ulipata maana ambayo wazee wa zamani hawakuijua. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali imeuita wa hiari na ambao wenyeji wengi wameupinga. Huko nyumba zimejengwa na serikali, kila moja ya vyumba vitatu. Enkaji, ile nyumba ambayo mke alikuwa mjenzi na mwenyewe, haimo katika ramani hiyo. Na pale ambapo nyumba ni ya mume, swali la nani aingie na nani asiingie nalo limehama mikono.

Katika hali hiyo ndipo michezo ya Kiswahili, kwa redio, kwa televisheni na sasa kwa simu, inapowafikia watu wa nchi hizo ikiwa na hesabu yake ya watatu. Michezo hiyo haidanganyi; yasema kweli juu ya ndoa za mji, ambamo mtu wa tatu huiba mshahara, muda na afya ya nyumba. Hata hivyo mwenye kuandika kisa cha ndoa ya Kimasai, au kuitafsiria mahakama maneno ya shahidi kutoka Kimaa, atakosea akidhani kwamba neno ugoni limekwisha kumfanyia kazi. Neno hilo laonyesha tu kwamba pana deni. Ni lazima kwanza aulize ni la nani: la mume, la rika, au la yule mwanamke ambaye neno lenyewe, kwa asili yake, halikumhesabu miongoni mwa wadai.