Kwa nini vita vya mbali hupandisha bei ya petroli kijijini?

Nauli ya bodaboda kutoka kijijini hadi mnadani ikipanda, dereva atakwambia mafuta yamepanda. Ukimuuliza mwenye kituo cha mafuta, atakwambia bei imetoka juu. Ukifungulia taarifa ya habari, utasikia habari za Urusi, Ukraine au Iran. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana kipande chake. Katika makala hii tunaviunganisha vipande hivyo, ili msikilizaji ajue ni sehemu gani ya bei inaamuliwa mbali, ni ipi inaamuliwa hapa nyumbani, na kama umeme wa jua unaweza kututoa kwenye mzigo huu.

Mafuta yetu yanatoka wapi?

Tanzania kwa sasa haisafishi mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kazi hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kile cha Mombasa, nchini Kenya, kiliacha mwaka 2013. Kwa hiyo petroli, dizeli na mafuta ya taa huja kwa meli yakiwa yameshasafishwa, mengi yakitoka nchi za Ghuba na India. Hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda mikoani.

Kampuni haziagizi kila moja meli yake. Mahitaji yao hujumlishwa, zabuni ikatangazwa, na kazi hiyo husimamiwa na wakala wa serikali, PBPA. Sababu ni kwamba kusafirisha lita moja kwa meli kubwa ni nafuu kuliko kwa meli ndogo ndogo.

Vita vinaingiaje kwenye bei?

Mafuta mengi ya Ghuba hupita katika Mlango wa Hormuz, kati ya Iran na Oman. Mwaka 2024 yalipita hapo mapipa yapatayo milioni 20 kwa siku, kama moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani. Ndiyo maana hata kitisho tu cha kufungwa kwa njia hiyo hupandisha bei: wanunuzi hukimbilia kuweka akiba, na bima ya meli hupanda.

Vita vya Ukraine vilitufikia kwa njia nyingine. Urusi ilipoivamia nchi hiyo Februari 2022, pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 120 mwezi uliofuata. Sisi hatununui mafuta Ukraine. Lakini nchi za Ulaya zilipoamua kuachana na mafuta ya Urusi, zilikwenda kutafuta mengine katika masoko yale yale tunakonunua sisi. Mnunuzi mwenye fedha nyingi akiingia gulioni, bei hupanda kwa wote.

Shilingi na dola

Mafuta hununuliwa kwa dola. Tuchukue mfano: lita moja ikifika bandarini kwa senti 70 za dola, na dola ni shilingi 2,500, lita hiyo ni shilingi 1,750 kabla ya kodi. Dola ikifika shilingi 2,700, lita ile ile inakuwa shilingi 1,890. Bei ya dunia haijasogea, lakini wewe unalipa shilingi 140 zaidi. Hivyo korosho, kahawa, dhahabu na watalii, vitu vinavyoleta dola nchini, vinahusika na bei ya mafuta kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Sehemu inayoamuliwa nyumbani

Juu ya gharama ya bandarini huongezwa kodi na tozo, faida ya wauzaji na usafiri wa ndani. Kodi kubwa za mafuta Tanzania hutozwa kwa shilingi maalumu kwa kila lita, si kwa asilimia. Ndiyo maana bei ya dunia ikishuka kwa nusu, ya kituoni haishuki kwa nusu: kodi inabaki pale pale.

Wengi huuliza kwa nini serikali isiziondoe tu. Inawezekana kupunguza, na mwaka 2022 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kushusha bei kuanzia mwezi Juni. Lakini sehemu ya tozo hizo huingia Mfuko wa Barabara, na nyingine hugharimia umeme vijijini. Ukipata nafuu kituoni, huenda greda la barabara yenu likachelewa. Huo ndio uamuzi mgumu unaojadiliwa kila bajeti.

Vipi kuhusu bomba la Hoima hadi Tanga? Bomba hilo la kilomita 1,443 ni la kubeba mafuta ghafi ya Uganda hadi Chongoleani ili yauzwe nje. Linaleta ajira na mapato, lakini halipeleki petroli kituoni kwako.

Je, jua litatukomboa?

Kwa kiasi fulani. Hakuna vita vinavyozuia jua kuchomoza, na maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, hayanunuliwi kwa dola. Gesi ya mitungi ni tofauti. Inaokoa miti na macho ya wapishi, lakini nayo huja kwa meli.

Hata vifaa vya jua vina siasa zake. Zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani uko China, kwa hiyo uamuzi wa Beijing, au kodi inayowekwa bandarini kwetu, huonekana dukani. Katika betri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri za simu kama hiyo unayosomea makala hii. Februari 2025 Congo ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, na Oktoba ikaanza kuweka kiwango cha juu cha kuuza. Kwa mchimbaji wa Kolwezi na kwa serikali yake, bei kubwa ni haki yao. Kwa mnunuzi wa betri ni gharama.

Tofauti kubwa ni hii: petroli unainunua kila siku, na kila bei ikipanda inakukuta. Paneli unainunua mara moja ikakutumikia miaka mingi. Mkulima aliyekwisha kufunga pampu ya jua hasikii bei ya dizeli ya mwezi huu. Kizuizi chake ni fedha ya kuanzia.

Unaweza kufanya nini leo?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kutoza. Hutofautiana kulingana na eneo. Piga *152*00# na ufuate maelekezo kuona bei ya eneo lako, kisha udai risiti inayoonyesha bei kwa lita.

Bei hiyo haibadiliki kwa sababu vita vimeanza jana. Mafuta yaliyomo kwenye matangi ya kituo yalinunuliwa wiki nyingi nyuma. Kituo kikitoza zaidi ya bei kikomo kwa kisingizio cha habari za asubuhi, kinavunja sheria. Na ukisikia bei ya dunia imepanda leo, jua ongezeko hilo litakufikia baadaye. Kama una mahindi ya kusafirisha au trekta la kukodi, huo ndio muda wa kupatana bei.