Vilima vya Binza na Gari la Moshi Lisilopigwa Picha

Msafiri atokaye pwani, aliyezoea kuambiwa tangu utotoni kwamba Usukuma ni nchi ya mbuga, ng'ombe na pamba, iliyonyooka kama mkeka uliotandikwa barazani, hutahayari siku ya kwanza anaposhuka katika stesheni ya Malampaka na kuianza safari ya kwenda Maswa na Bariadi, katika nchi ya Binza. Kwani hajaenda mbali ila njia imekwisha kumpandisha mgongo wa mchanga, ikamteremsha katika bonde la udongo mweusi, ikampandisha tena, naye akitazama kulia na kushoto huona majabali ya matale yamebebana, moja juu ya jingine, mithili ya marobota yaliyopangwa na mpagazi mlevi. Nchi hii ni tambarare kwa yule aliyeitazama katika ramani tu.

Mtu aliyelitia jambo hili katika ilimu ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, ambaye mwaka 1935 alichagua neno la Kilatini, catena, yaani mnyororo, kulieleza umbile la nchi nyingi za Afrika Mashariki: kwamba kutoka kileleni mwa kilima hadi chini bondeni udongo hufuatana kwa taratibu maalumu, na ukivuka bonde ukaanza kupanda kilima cha pili, taratibu ileile hurejea kinyumenyume. Taarifa ya safari yake ya Desemba 1935 hadi Februari 1936, aliyoifanya katika bara ya Tanganyika, ilichapishwa mwaka 1947, ilhali mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Wasukuma, kwa hakika, hawakumngoja. Wao walikuwa na majina yao tangu zamani, luseni kwa mchanga ulio karibu na mawe, itogolo kwa ardhi ngumu iliyo chini yake, na mbuga kwa udongo mweusi ulio bondeni, na mkulima akikutajia jina la udongo wa shamba lake amekwisha kukuambia pia kama amesimama juu ya mteremko, katikati yake, au miguuni pake.

Katika nchi ya namna hii ndimo ilimopitishwa reli. Wadachi walikuwa wameianza njia ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipozuka. Tawi la kwenda Mwanza, lenye urefu wa kilomita 380 hivi, likajengwa na Waingereza baada ya vita hivyo na kufika ziwani mwaka 1928. Kabla yake, mazao ya upande wa kusini wa Ziwa Victoria yalipakiwa merikebuni hadi Kisumu, yakachukuliwa na reli ya Kenya hadi Mombasa, kwa hiyo serikali ya Tanganyika ilikuwa ikitazama mali ya nchi yake ikitokea kwa mlango wa jirani. Bariadi yenyewe haikupata reli, na hata leo mkoa wa Simiyu, uliokatwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unaguswa na njia hiyo pembeni tu, upande wa Malampaka. Lakini pamba ya Binza ilishuka huko, nayo reli ikawa ya watu wa Binza kwa haki ya jasho, ijapokuwa si kwa haki ya mipaka.

Ng'ombe hupanda kilima kwa kunyooka, mtu hupanda kwa kupinda kidogo, na gari la moshi, ambalo magurudumu yake ya chuma hukanyaga chuma, halipandi ila kwa kubembelezwa. Kila mteremko ambao macho yanaudharau, mhandisi huuhesabu; penye mgongo huchimba, penye mbuga hujaza tuta na kuweka makalvati, maana udongo mweusi wa mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na masika yakija huvimba na kuteleza. Kwa hiyo abiria aketiye dirishani katika behewa la nyuma, kati ya Shinyanga na Mwanza, hutokea akakiona kichwa cha treni lake mwenyewe kikikata kona mbele yake. Huo ndio ushahidi wa vilima kwa asiyeamini.

Sasa niulize swali lililonifanya nishike kalamu: picha ziko wapi? Reli ya Uganda, ndiyo ile ya Kenya niliyoitaja, tangu ilipokuwa ikijengwa, ilikuwa na mpigapicha wake, William Young, na kazi zake zimebaki hadi leo, zikituonyesha madaraja, magenge, na jinsi mabehewa yalivyoteremshwa kwa kamba katika ukuta wa Bonde la Ufa kabla njia ya kudumu haijakamilika mwaka 1901. Hata kijireli cha Bububu kule Unguja, ambacho urefu wake haukupita maili 7, kilipata kadi za posta nyingi, kwa sababu Unguja palikuwa na maduka ya wapigapicha tangu karne ya kumi na tisa, mathalan lile la A. C. Gomes, na wageni wa merikebu walitaka kitu cha kuwapelekea jamaa zao. Reli ya Mwanza, iliyo ndefu mara thelathini na zaidi kuliko ile ya Bububu, katika picha nilizobahatika kuziona, ni kama jamaa aliyesimama nyuma kabisa katika picha ya harusi: bega lake laonekana, uso hauonekani.

Wako watakaosema kwamba sababu ni umaskini wa maduka, nami sikatai. Lakini nadhani iko sababu nyingine, iliyofichika katika mvuke wenyewe. Lile wingu jeupe ambalo wapendao picha za magari ya moshi hulipenda kuliko kitu chochote aghalabu si moshi. Ni mvuke uliokutana na hewa baridi ukageuka matone. Juu ya Timboroa, ambako reli ya Kenya hupita futi 9,136 juu ya bahari, asubuhi ya baridi na mzigo mzito mlimani humpa mpigapicha wingu la kumtosha. Bali Malampaka, katika jua la Septemba, mvuke hutoka na kupotea hewani kama ahadi ya mdeni. Fauka ya hayo, mpandisho mfupi wa nchi ya vilima vidogo humalizika kabla mashine haijatweta sawasawa. Basi vilima vya Usukuma vilikuwa vikubwa vya kutosha kumsumbua mhandisi, wala havikuwa vikubwa vya kutosha kumvuta mpigapicha.

Na mwanga nao una mambo yake. Nchi hii iko karibu nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na jua huchomoza kwa haraka kama lina miadi. Saa nne asubuhi limekwisha kuwa juu, saa sita kivuli cha mtambo kiko chini ya mtambo wenyewe, kikiyameza magurudumu na mikono yote ya chuma ambayo ndiyo uzuri wa kazi ile. Kwa kuwa njia kwa jumla yaelekea kaskazini, mwenye kamera lazima asimame upande wa mashariki yake asubuhi na upande wa magharibi jioni, tena apande juu ya jabali, maana akibaki bondeni mtama utamziba. Na saa hizo mbili za mwanga mwema ndizo hasa ambazo gari, kwa desturi za ratiba zetu, halikubali kupita.

Ziko pia picha zilizopigwa, bali hazikulenga mtambo. Miaka ya hamsini, wakulima wa Jimbo la Ziwa waliokuwa wakiishuku mizani ya wafanyabiashara walijiunga katika vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Kamera ya zama zile ilielekezwa kwenye mizani, magunia na mikutano, jambo ambalo sithubutu kulilaumu, kwani mizani ndiyo iliyokuwa habari, na reli ilikuwa desturi tu. Baada ya uhuru likaja jambo jingine: stesheni na madaraja yakahesabiwa miongoni mwa mahali pa kulindwa, Sheria ya Usalama wa Taifa ikatungwa mwaka 1970, na mtu aliyeonekana na kamera karibu na reli alikuwa na maswali ya kujibu. Wapenzi wa mitambo ya mvuke kutoka Ulaya walivumilia maswali hayo; mwalimu wa Maswa mwenye kamera ya kuazima hakuona sababu ya kuyavumilia.

Haya yote yalipita, na mitambo ikapita nayo. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kimesimama kichwa kikubwa cha aina ya Garratt, namba 5918, kimoja katika 34 vilivyoundwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, na jina lake ni Mount Gelai, mlima ulio upande wetu, karibu na Ziwa Natron. Mlima wa Tanganyika ulipewa chuma cha kupandia vilima vya Kenya, na picha zake ni nyingi mno. Vile vichwa vidogo vilivyovuta pamba ya Binza havikupata ukaribisho wa namna hiyo.

Mnamo Juni 14, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli mpya ya upana wa milimita 1,435 kati ya Mwanza na Isaka, kandokando ya ile ya mita moja, nayo imekusudiwa kwenda kwa umeme, bila ya moshi wala mvuke. Siku hizi kila kijana ana kamera katika simu yake, na matuta mapya yamekwisha kupigwa picha nyingi kuliko zilizopata reli ya zamani katika umri wake wote.

Ndugu msomaji, ikiwa baba yako alikuwa karani wa stesheni, au fundi wa njia, au mpimaji wa pamba, na katika sanduku lake imo picha iliyofifia ya gari limesimama Malampaka au Malya, usiitupe. Ifanyie nakala, upeleke moja katika Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, na nyuma ya ile ya asili andika, kwa penseli wala si kwa wino, mwaka, stesheni, na majina ya watu waliosimama mbele ya mtambo.