Wasese nao walihamishwa

Jamani vijana wenzetu, mfereji wa Nakivubo tunaouvuka kila siku hauishii sokoni. Maji yake yanapita kwenye kinamasi mpaka Ziwa Victoria, upande wa Luzira, karibu na Port Bell. Mbali zaidi, kusini-magharibi, kuna visiwa vya Ssese, 84 kwa jumla. Siku hizi watu wanaenda huko kupumzika na kupiga picha za msitu na mchanga. Ni pazuri kweli. Lakini pale palikuwa na vijiji, na historia yake inatugusa.

Wasese walikuwa mafundi wa mitumbwi na wapiga makasia wa Kabaka. Kisiwa cha Bubembe kilikuwa na hekalu la Mukasa, lubaale wa ziwa, aliyeheshimiwa Buganda nzima.

Kuanzia mwaka 1900 hivi ukaingia ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Ndani ya miaka 20 uliua watu zaidi ya 200,000, hasa Busoga, Buganda na visiwani. Hesketh Bell, mtawala Mwingereza aliyefika 1906, akaamuru watu waondolewe ufukoni. Mwaka 1909 ikafika zamu ya Ssese. Watu wakavushwa bara, wakaacha migomba, makaburi na mitumbwi yao.

Hatukatai, ugonjwa ulikuwa unaua, na kukaa mbali na mbung'o kuliokoa maisha. Lakini ruhusa ya kurudi ilianza kupatikana kuelekea 1920. Miaka kumi si kidogo. Wengine walikuwa wameshafariki, wengine wameshaanza maisha bara, na mashamba yamekuwa pori. Kwa hiyo sehemu ya msitu tunaousifia leo imeota juu ya nyumba za watu.

Port Bell imepewa jina la huyo huyo Bell. Aliyetoa amri tunamtaja kila tukipanda taksi ya kwenda huko. Waliohamishwa, nani anawataja?

Ndugu zetu wa mashirika, kuokoa watu ni kazi moja, kuwarudisha ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inasahaulika haraka. Na sisi vijana, tusingoje. Muulize mzee wako leo: kijiji chetu kiliitwa nani, mto gani ulipita karibu, majirani walikuwa kina nani? Halafu andika. Pori halisomi, sisi tunasoma.