Fungu la Zagayu: kutoka kikokotoo hadi boma

Zagayu leo ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Kabla ya 2012 ilihesabiwa Bariadi, mkoani Shinyanga. Zama za Mwingereza, Itilima ilikuwa miongoni mwa tawala za machifu za wilaya ya Maswa, na mipango mikubwa ya Usukumani ilijadiliwa Malya, makao ya shirikisho la machifu wa Wasukuma. Kila mpaka ulipohama, fungu la maendeleo lilihamia meza nyingine pamoja na watu wa kuligawa.

Mwaka 1972 meza yenyewe iliondolewa. Serikali ilivunja halmashauri za wilaya na kuleta Madaraka Mikoani, mpango uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilikuwa zuri, lakini madaraka yaliyofika mikoani yalikuwa ya watumishi wa serikali kuu, si ya wananchi. Halmashauri zilirudi 1984, kwa sheria zilizotungwa 1982. Madiwani wakakaa vitini tena, ila mfuko wa maendeleo ukabaki kwa wakubwa: aliyekuwa na mtu wizarani, au mfadhili aliyeipenda wilaya yake, ndiye aliyepata.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka wa fedha 2004/05, kwa Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa. Kwa mara ya kwanza mgao ulifuata kikokotoo kilichoandikwa: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa idadi ya maskini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Halmashauri ilikaguliwa kila mwaka kabla ya kupewa. Hesabu zisipofungwa vizuri, mkaguzi wa ndani asipokuwepo au vikao vya kisheria visipofanyika, fedha hazikuja. Waliofanya vizuri waliongezewa, waliozembea walipunguziwa. Na halmashauri haikuruhusiwa kukalia ruzuku yote makao makuu. Sehemu yake ilipaswa kushuka kwenye kata na vijiji, ambako wananchi walipanga vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Kikokotoo kile kilikuwa na ubaridi wa kiofisi, na hakuna aliyekipigia vigelegele. Hata hivyo nakihesabu kuwa jambo la heshima zaidi kuwahi kutendewa mwanakijiji katika historia hii. Diwani wa mbali na barabara kuu aliweza kuuliza: watu wetu ni kadhaa, fungu letu ni lipi? Umaskini, ambao kawaida humnyima mtu sauti, ulikuwa unamwongezea asilimia.

Tatizo ni kwamba, wakati ruzuku inapata utaratibu, mifuko ya halmashauri zenyewe ilikuwa inakauka. Kodi ya maendeleo, ile ya kukimbizana na mgambo, ilifutwa 2003 bila mtu kuililia. Serikali ikaahidi fidia, na asilimia 20 yake ishuke vijijini. Kushuka kwake kukawa malalamiko ya kudumu ya wenyeviti wa vijiji. Kwa ukanda wa pamba pigo lingine lilikuja 2017, ushuru wa mazao ya biashara uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipata nafuu, halmashauri ikakaza mkanda.

Kikokotoo nacho hakikufutwa kwa tangazo. Kilizidiwa tu na fedha zinazoshuka zikiwa na jina tayari. Mfano ulio wazi ni wa Oktoba 2021, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ilipotengwa kujenga madarasa 15,000 nchini, shilingi milioni 20 kwa darasa. Madarasa yalihitajika mno, hasa katika mkoa kama Simiyu uliotoka watu milioni 1.58 mwaka 2012 hadi milioni 2.14 mwaka 2022. Lakini fedha ya namna hiyo haiji kuuliza kama kijiji kilitanguliza kisima. Kikao cha kamati ya maendeleo ya kata kinapangiwa ukomo wa bajeti, kinaandika vipaumbele vyake, kisha kinapokea maelekezo.

Lililobaki mikononi mwa wananchi ni boma. Kijiji kinachanga, kinafyatua tofali, kinapandisha ukuta mpaka usawa wa lenta, ndipo halmashauri inaombwa kuezeka. Katika baraza la madiwani, mwenye boma ana hoja nzito kuliko mwenye takwimu, kwa sababu jengo lisiloezekwa linaaibisha serikali hadharani. Ni kipimo kinachoeleweka, na kinawapa sifa wanaojituma. Ila kinapima uwezo wa kuchanga. Msimu ambao pamba imeshuka bei au mvua imegoma, kijiji maskini hakipandishi ukuta, na kwenye orodha ya miradi ya kukamilishwa mwaka unaofuata hakimo.