Mlengwa, Mshukiwa, Mfiwa

Neno "mlengwa" linafanya kazi mbili zisizojuana. Kwenye ofisi ya kijiji, mlengwa ni mama aliyeandikishwa katika mpango wa TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania: jina lake limesomwa kwenye mkutano wa hadhara, kaya yake imefanyiwa uhakiki, na bila uhakiki huo hapati hata shilingi. Kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mlengwa ni Ayman al-Zawahiri, kiongozi wa al-Qaeda, aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba moja mjini Kabul mnamo Julai 31, 2022, makombora mawili ya ndege ya Marekani isiyo na rubani yalipomfikia. Naye alihakikiwa, walisema Wamarekani, kwa kuchunguzwa miezi kadhaa. Taliban wakajibu kwamba mwili hawakuuona.

Ninachokipenda katika neno hili ni silabi yake ya mwisho. Mwizi ni mwizi kwa sababu ameiba, na mpiganaji ni mpiganaji kwa sababu anapigana. Majina hayo wamejipatia wenyewe kwa matendo yao. Lakini mlengwa, mshukiwa na mtuhumiwa wamepewa majina kwa kazi ya watu wengine. Unaweza kulala usingizi fofofo na kuamka mshukiwa. Kila "-wa" ya namna hii ina swali nyuma yake: na nani? Kashukiwa na nani? Kalengwa na nani? Msikilizaji wa habari za mashambulizi ya ndege zisizo na rubani afanye mazoea ya kuuliza. (Jina hilo la ndege nalo lina kasoro yake. Rubani yupo. Amekaa kwenye kiti, pengine kambi ya Creech kule Nevada, maelfu ya kilomita kutoka mahali kombora linapotua.)

"Mshukiwa" ni neno la kituo cha polisi na la mahakama, na huko mtu hukaa ndani yake kwa muda tu: atatiwa hatiani au ataachiwa. Habari zinaposema "washukiwa wa ugaidi wameuawa", neno hilo linakuwa halina mlango wa kutokea. Nani atamfikisha maiti mbele ya hakimu ili asafishwe jina? Mwaka 2012 gazeti la New York Times liliandika kwamba serikali ya Obama ilikuwa ikiwahesabu wanaume wote wa umri wa kupigana waliokutwa penye shambulio kuwa ni wapiganaji, mpaka upatikane ushahidi, baada ya kifo, kwamba hawakuwa na hatia. Pia kulikuwa na mashambulizi ambayo walioyafanya hawakujua hata majina ya watu waliokuwa chini. Walisoma mwenendo wao tu, wanavyokusanyika na wanavyosafiri. Mimi ningeyaita mashambulizi ya dalili. Daktari naye hutibu kwa dalili, lakini mgonjwa wake bado anaweza kusema "hapana, dokta, si hapo".

Mei 3, 2023 jeshi la Marekani lilitangaza kwamba limeshambulia kaskazini magharibi mwa Syria, na kwamba lilimlenga "kiongozi wa ngazi ya juu" wa al-Qaeda. Jina halikutajwa. Ngazi hii ya juu inanishangaza siku zote, maana hatuambiwi ina vidato vingapi, na kila anayeanguka alikuwa karibu na kilele. Aliyeuawa siku hiyo alikuwa mzee wa miaka 56 akichunga kondoo wake. Ndugu zake walilisema hilo mapema; jeshi lilikiri mwaka uliofuata.

Watangazaji wetu nao wana maneno yao ya kujikinga. "Inadaiwa", "inaripotiwa", "inasemekana", na lile linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: "anaaminika kuuawa". Anayeaminika, kwa Kiswahili cha kila siku, ni mtu unayeweza kumwachia funguo za duka. Hakimullah Mehsud wa Taliban ya Pakistan aliaminika kuuawa Januari 2010, na mwezi Mei akatokea kwenye video, mzima. Alikuja kuuawa kweli Novemba 2013. Mtangulizi wake, Baitullah Mehsud, yalimfika ya kinyume: aliuawa Agosti 2009, na watu wake wakakana kwa wiki kadhaa. Tazama pia umbo la "inasemekana". Ule mnyambuliko wa "-kana" umemfuta msemaji kabisa. Huwezi hata kuuliza "inasemekana na nani", sarufi inakugomea.

Kuna "-wa" moja ambayo haijawahi kuwa na shaka hiyo. Agosti 29, 2021, Marekani ilipokuwa ikiondoka Afghanistan, ndege isiyo na rubani ilishambulia gari jeupe lililokuwa likiingia uani kwenye nyumba moja ya Kabul. Mkuu wa majeshi, Jenerali Mark Milley, alilieleza kuwa shambulio la haki. Kumbe dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na waliokufa ni raia 10, 7 kati yao watoto. Pentagon ilikiri kosa Septemba 17. Kwa siku 19 mtu yule alikuwa mlengwa, alikuwa mshukiwa, alikuwa tishio lililozuiwa. Lakini mle uani walikuwamo wafiwa. Mtu hufiwa na mwanawe, hufiwa na mumewe. Anayefuata baada ya "na" ni marehemu mwenyewe, kwa jina. Wafiwa wa Kabul walikuwa na jibu tangu siku ile ile, na mtu yeyote aliyebisha hodi angelipata. Waandishi wa habari walibisha. Ndiyo maana kosa likajulikana.

Sisi wa mwambao tunaye wetu wa kutufundisha maneno haya. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, Komoro, alisakwa kwa mabomu ya Agosti 7, 1998 yaliyoua watu 224 Nairobi na Dar es Salaam. Januari 2007 Wamarekani walishambulia kusini mwa Somalia kwa ndege ya kivita, yenye marubani ndani yake, na ofisa wa serikali ya Somalia akatangaza kwamba Fazul amekufa. Hakuwa amekufa. Mwezi Juni 2011, kwenye kizuizi cha barabarani mjini Mogadishu, askari wa Somalia walipigana risasi na watu wawili waliokuwa ndani ya gari. Hawakumlenga mtu, hawakumshuku mtu kwa jina. Walikuta pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina jingine, wakauzika mwili. Baadaye walipozipitia karatasi zake vizuri wakaufukua, wakaupiga picha na kuchukua vipimo vya vinasaba. Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, habari hizo zilimkuta ziarani Dar es Salaam, na safari hii aliyetajwa kuwa amekufa alikuwa amekufa.