Baridi ya mulima: namna ya kujilinda kwenye Karisimbi na Ruwenzori

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wakati watu wanatoka asubuhi na koti na kofia ya sufu. Lakini kuko baridi ingine, ile inaua: baridi ya milima mirefu ya mashariki.

Mwaka wa 1908, Egon Kirschstein, mutaalamu Mujerumani wa mawe na volkano, alishikwa na mvua ya mawe pamoja na teluji kwenye mulima Karisimbi (metre 4 507), kati ya Kivu na Rwanda. Wabebaji mizigo wake 20 walikufa. Hawakukuliwa na nyama, hawakuanguka kwenye shimo. Baridi ndiyo iliwamaliza.

Ruwenzori ni refu zaidi. Kilele chake, Margherita, kiko na metre 5 109, kwenye mupaka na Uganda, na barafu ingali pale hata kama inapungua sana. Kwa upande wa Kongo, njia inaanzia Mutwanga, teritware ya Beni, ndani ya Parke ya Virunga.

Sababu ni gani? Ukipanda metre 1 000, joto linashuka digrii 6 hivi. Goma iko metre 1 500. Kama pale kuko digrii 20, juu ya Karisimbi kunabakia 2 tu. Upepo na nguo zenye kulowana vinazidisha.

Mbele ya kupanda
- Uliza walinzi wa parke kama njia iko wazi na kama kuko usalama. Usiende peke yako.
- Vaa sufu. Pamba ikilowana haitunzi joto. Funga nguo za kubadilisha ndani ya plastiki, na beba shitingi.
- Mubebaji mizigo naye apate koti, viatu na blanketi.

Njiani
- Ondoka mapema. Mawingu yakifunga, rudi: si aibu.
- Kwenye barafu, hitaji ni vyuma vya meno chini ya viatu, kamba, na kiongozi mwenye kuzoea.
- Kichwa kikiuma sana na unatapika, shuka. Usilale juu zaidi.

Mutu akishikwa na baridi
Anatetemeka, ulimi unakuwa muzito, anajikwaa, anataka kukaa na kulala. Kama kutetemeka kumeisha na angali baridi, ni hatari kubwa.
- Mutoe kwenye upepo, muvue nguo zenye maji, mufunike na blanketi kavu, mutu mwingine amukumbatie.
- Kama anasikia na anaweza kumeza, mupe chai ya sukari ya moto kidogo. Lutuku ao kanyanga, hapana: pombe inatoa joto la mwili.
- Usimusugue mikono na miguu, usimuweke karibu sana na moto.
- Mufikishe kwa munganga, na musimuache peke yake hata dakika moja.