Ziwa Ambalo Halikupotea

Mhariri alipotuandikia sisi tuliotangulia tuchangie jarida la mkutano wa mwaka huu, nilidhani nitaandika juu ya mabweni, kengele na uji wa asubuhi, kama wafanyavyo wenzangu wengi. Lakini liko jambo moja la darasani lililonikaa rohoni tangu tulipokuwa Kidato cha Pili, na mwaka jana kazi ilinipeleka mahali penyewe linapohusika. Basi wapenzi wa uji wataniwia radhi.

Wale wa wakati wangu watamkumbuka mwenzetu tuliyempa jina la Chalbi. Alitoka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na jangwa la Chalbi liko mbali kidogo na kwao, lakini kwetu sisi watoto wa pwani na wa milimani kaskazini yote ilikuwa jangwa moja tu. Siku moja mwalimu wa historia aliuliza: ni nani aliyevumbua Ziwa Turkana? Mikono ikapanda. Chalbi, ambaye hakuwa na mazoea ya kunyosha mkono, akasimama akasema, "Mwalimu, halikupotea." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu mwema, akatabasamu, akaandika ubaoni: Teleki na von Höhnel, 1888. Mtihani ulipokuja Chalbi akaandika jibu lake lile lile, akakosa alama. Mimi nilipata. Na siku ile nilicheka kuliko wote.

Nimetumikia serikali miaka mingi, na kazi yangu ni ya mafaili zaidi kuliko safari. Ila mwaka jana nilitumwa kuhakiki orodha fulani ya vituo huko Marsabit, nikaona kheri nibebe na vitabu vyangu vya chuo. Kutoka Laisamis tuliiacha lami, tukashika njia ya changarawe kupitia Ngurunit mpaka South Horr, bonde lenye miti na maji chini ya Mlima Nyiru. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 2,700, na kwa Wasamburu ni mahali patakatifu. Ukishatoka bondeni miti inakwisha ghafula. Yanabaki mawe meusi ya volkeno, makubwa kama vichwa vya watu, yametapakaa mpaka upeo wa macho. Kulia husimama Mlima Kulal, ambao kileleni una msitu na ukungu, na huku chini hata mbuzi hutafuta kivuli cha jiwe. Kati ya milima hiyo miwili hupita upepo usiochoka. Siku hizi umetiwa kazini: mitambo 365 imesimamishwa pale, yenye uwezo wa megawati 310, nayo ilianza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka 1998 ukiongeza miaka ishirini, yaani 2018. (Nahesabu hivyo kwa kuwa 1998 ndio mwaka tulioahidiwa umeme wa uhakika bwenini.)

Ni upande huo huo wa Nyiru ambako msafara wa Teleki uliteremka. Hapa nawaomba vijana mlioko madarasani mnisikilize, maana vitabu huanza hadithi hii ziwani, na mimi nataka kuianza Pangani.

Sámuel Teleki alikuwa bwana mkubwa wa Hungaria, mwindaji tajiri. Ludwig von Höhnel alikuwa ofisa wa majeshi ya maji ya Austria, na ndiye aliyepima njia na kuchora ramani. Waliondoka Pangani mwanzoni mwa 1887, nao wakafika ziwani Machi 6, 1888, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Hawakuja peke yao. Waliandamana na mamia ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi kwa desturi ya misafara ile ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo thelathini na kitu, juu ya kichwa au begani: shanga, nguo, nyaya za shaba na shaba nyeupe, risasi, mahema. Mbele yao alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, aliyezijua njia za barani kabla ya hapo. Joseph Thomson naye, alipopita nchi ya Wamasai mwaka 1883, alifuatana na msafara wa Kimemeta huyo huyo. Wazungu wawili tofauti, safari mbili mashuhuri, na mtu wa kuwaongoza ni yule yule mmoja. Sikufundishwa jina lake. Nilikutana nalo chuo kikuu, katika maktaba, nikiwa natafuta jambo jingine.

Tena hata kabla ya Kimemeta watu wa pwani walikuwa wanazihesabu njia za bara. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield, aliyekaa Ribe, alichapisha London maelezo ya njia za misafara ya kwenda bara. Hakuzitembea njia hizo. Alizipata kwa kusimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, ambaye alikuwa na safari nzima kichwani, kituo baada ya kituo. Mimi ni mtu wa Kwale, na nakiri kwamba niliposoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Basi turudi kwenye mawe. Gari letu lilichukua saa nyingi kuteremka, nami nilikuwa nimeketi. Wao walipita kwa miguu, na wengi wa wapagazi wa siku zile hawakuwa na zaidi ya viatu vya ngozi ya mnyama aliyechinjwa njiani. Walikuwa wamekwisha kuona njaa huko Baringo, ambako chakula kilikosekana mpaka watu wakatumwa Ukikuyu kununua. Von Höhnel ameeleza walivyofika ufukoni: maji yalikuwa safi kama kioo, watu wakatupa mizigo wakayakimbilia kwa kelele za furaha, wakayanywa, wakarudi wameinamisha vichwa. Maji yalikuwa ya magadi. Nilisimama ufukoni nikachota kiganja kimoja nikaonja. Yanamezeka, lakini hayakati kiu. Hukaa ulimini kama sabuni. Nilikuwa na chupa ya maji matamu garini, nikaenda kusukutua.

Nadhani hapo ndipo ninapogombana kidogo na kitabu. Mwenye kitabu aliliona ziwa; aliyekuwa na mzigo aliona kwamba maji hayanyweki na kwamba kesho atajitwika tena. Ramani ya von Höhnel ni kazi ya mtu makini, wala sina haja ya kumpunguzia. Hata majina ya Kulal na Nyiru aliyaandika kama alivyoyasikia. Lakini wapagazi wachache tu wametajwa kwa majina. Waliobaki ni hesabu, na hesabu hiyo hupungua kila baada ya kurasa kadhaa.

Ziwa lenyewe walilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria na mfadhili wa safari. Rudolf alikufa Januari 1889, hajaliona. Ziwa jingine dogo upande wa kaskazini wakaliita Stefanie, jina la mkewe. Wahabeshi huliita Chew Bahir, na mara nyingi ni uwanja mkavu wa chumvi. Mlima mdogo wa moto ulioko mwisho wa kusini, ambao waliukuta ukifuka moshi, wakauita Teleki. Jirani yake iko Nabuyatom, kilima cha volkeno kilichochongoka vizuri kama chungu kilichofunikwa, kimeingia majini. Chenyewe kimebaki na jina la wenyeji, na kwa macho yangu ndicho kizuri kupita vyote vya kule. Jina la Rudolf lilifutwa mwaka 1975, ziwa likaitwa Turkana. Waturkana wenyewe husema Anam Ka'alakol, na Wasamburu husema Basso Narok, ziwa jeusi, ingawa siku niliyolitazama lilikuwa la kijani.

Loiyangalani nilikaa siku nne. Kuna chemchemi na mikoma, na jina lenyewe maana yake ni mahali penye miti. Usiku upepo ulitikisa mabati mpaka nikakata tamaa ya kulala. Siku ya pili nilikwenda kwa Waelmolo, wavuvi walio wachache sana. Maji yamepanda miaka ya karibuni, hata kijiji chao kimoja kilichoshikana na nchi kavu kimegeuka kisiwa. Mzee mmoja aliitazama fomu yangu, akaniomba nimsomee majina ya mahali. Nilipofika la tatu akanizuia. "Hilo hatulijui," akasema. "Nani amekwambia?" Nikajibu kwamba limetoka ofisini. Akanitamkia jina sahihi mara tatu, pole pole, kama mwalimu, nami nikaandika juu ya lile la chapa kwa kalamu. Fomu iliporudi makao makuu niliulizwa kwa nini nimeichafua. Niliandika barua ya maelezo. Mpaka leo sijajibiwa.

Niliporudi nilimtafuta Chalbi kwa simu. Haikuwa kazi rahisi, maana tulikuwa hatujasemezana tangu tulipomaliza Kidato cha Nne. Nilimweleza nilikofika, nikamwambia kwamba jibu lake la Kidato cha Pili lilikuwa sahihi, na kwamba nilicheka siku ile na sikustahili kucheka. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema swali hilo hata halikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba nilimkopa shilingi ishirini za mkate sikulipa. Hilo nalo nimelilipa, pamoja na riba.

Akaniuliza kama Kulal ilikuwa na wingu asubuhi. Nikamwambia ilikuwa nalo siku zote nne.